Kijiko cha Sukari cha Namba Kumi na Tisa

Kiti cha Bi Pamba kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kwa miaka minane alikuwa ameutegemeza kwa kifuniko cha chupa ya dawa. Kila asubuhi alikikuta kimesogezwa na wafagiaji. Akainama kwa kuguna, akarudisha kifuniko mahali pake, akakaa. Mezani palikuwa na mto mdogo wa kulazia mkono, mpira wa kufungia, sindano, vichupa vya damu vyenye vifuniko vya rangi, na bakuli la pamba. Nje ya mlango kulikuwa na benchi la watu ambao hawajala tangu jana usiku na hawamchekei mtu.

Miaka ishirini na sita alikuwa akitoa watu damu katika kliniki ile ya kisukari. Jina lake hasa lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Wagonjwa walimwita Bi Pamba, kwanza kwa sababu ya bakuli lile, na pili kwa sababu sindano yake, walisema, huisikii. Walikuwepo waliokubali kusubiri saa nzima ili wasichomwe na mtu mwingine. Sifa hizo zamani zilimfurahisha. Sasa alizisikia kama mtu asikiavyo mvua akiwa ndani, maana sifa hazikandi mgongo.

"Kunja ngumi, baba. Haya, angalia dirishani. Huku usiangalie, hakuna mchumba."

Mgonjwa akacheka, na kabla hajamaliza kucheka damu ilikuwa imeshatoka. Utani ule aliutumia mara thelathini kwa siku. Ulikuwa sehemu ya vifaa, kama pamba.

Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mpya. Ni ule unaoamka na mtu, ukavaa naye viatu, ukaongozana naye kazini. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa miaka mitatu alikuwa anabeba neno moja ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Miaka miwili kabla, kliniki ilipata daktari wa utafiti, mwanamke mwembamba mwenye haraka, ambaye umri wake ungetosha kuwa binti wa Bi Pamba. Alitaka damu ya wagonjwa, na alikuwa na masharti mengi kuliko bibi harusi. Kichupa kigeuzwe taratibu mara nane, kisitikiswe. Kifike kwenye mashine ya kuzungusha damu kabla ya saa moja kupita. Na yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikishatulia, yakionekana na uwekundu hata kidogo, yamwagwe, maana chembe nyekundu zimepasuka na kumwaga vitu vyake humo. Kwa watoaji wengine, vichupa viwili katika kumi vilimwagwa. Vya Bi Pamba havikumwagwa hata kimoja. Daktari alipoona hivyo akaomba kazi yote ya utafiti ipite kwenye mkono wake, na Bi Pamba akaongezewa kazi kama shukrani.

Siku moja akauliza. "Daktari, humu ndani mnatafuta nini hasa? Sukari si tunaijua?"

Daktari akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Mwili ukitaka kutengeneza kitu, mama, tuseme insulini, chembe za urithi zinatoa ujumbe. Ujumbe unasomwa, kitu kinatengenezwa. Sasa kuna vipande vidogo mno, vinaitwa maikro-RNA. Vyenyewe havitengenezi kitu. Vinaukamata ujumbe njiani, vinaunyamazisha au vinaupunguza sauti."

"Kama karani anayekalia barua za watu."

"Hasa. Na karani tunamhitaji, maana barua zote zikisomwa kwa pamoja ni fujo. Lakini akikalia nyingi mno, au akiziachia ovyo, kongosho halitoi insulini inavyotakiwa, ini linamwaga sukari bila kuombwa, misuli inaambiwa ipokee sukari na haisikii. Na baadhi ya vipande hivyo tunavikuta kwenye damu. Nataka kujua kama vinabadilika mapema, sukari ikiwa bado iko sawa. Tungemwonya mtu angali mzima."

Tangu hapo Bi Pamba aliviita wale wadogo. "Leo wale wadogo wako salama," alisema akikabidhi vichupa kwenye barafu, na daktari akawa anacheka.

Wagonjwa wa utafiti walipatikana upesi, kwani wagonjwa hawajawahi kuadimika. Waliokosekana ni wazima wa kulinganisha nao. Walitakiwa wanawake ishirini wa zaidi ya miaka hamsini wasio na kisukari, wakapatikana kumi na wanane. Basi adhuhuri moja, mbele ya muuguzi mkuu na mtu wa maabara, daktari akamgeukia. "Mama, si upo wewe hapa?"

Muuguzi mkuu akadakia. "Huyu? Huyu chuma. Kwao wote wameugua, yeye sukari imemkimbia."

Wakacheka wote, na Bi Pamba akacheka nao.

Hapo ndipo lilipokuwa lile neno lake.

Kisukari kilikuwa kimeingia kwao kama mpangaji asiyelipa wala kuhama. Mama yao alikufa nacho. Kaka yao akafuata, kwa figo. Akabaki Bi Pamba na dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye sukari ilimpunguzia macho kwanza, kisha ikamfuata miguuni. Mumewe alipofariki, akahamia kwa mdogo wake, katika vyumba viwili vyenye kibaraza kinachotazama ukuta wa jirani. Wiki aliyokatwa vidole vitatu vya mguu wa kushoto ndiyo wiki ambayo Bi Pamba, mchana mmoja wa wagonjwa wachache, alijichoma kidole kwa mzaha tu, akaweka tone kwenye kipimo, akaona tarakimu ambayo angekuwa mgonjwa wake angemshika mkono na kumpeleka kwa daktari saa hiyo hiyo.

Alirudi nyumbani siku ile amekusudia kusema. Alimkuta dada yake kibarazani, mguu umefungwa bendeji, chai iko mezani. Kabla hajafungua kinywa, dada yake akamsogezea bakuli la sukari.

"Tia, mdogo wangu. Mungu amekubakiza wewe. Angalau mmoja wetu afaidi."

Akatia kijiko kimoja, akakoroga, akanywa huku dada yake akimtazama kama mtu anayekula kwa macho. Neno likarudi lilikotoka.

Na kesho yake tena akatia, na keshokutwa. Dawa alikuwa anachukua kwa daktari mmoja upande wa pili wa mji ambako hajulikani, na vidonge alivificha ndani ya kopo la uzi wa kushonea ambalo macho ya dada yake hayakuliweza tena. Kile kijiko cha jioni alikilipia kwa kupunguza chakula cha mchana na kushuka kituo kimoja kabla ya kwake akamalizia kwa miguu. Mganga hajigangi, lakini mganga anajua kudanganya vipimo. Sukari yake ilitii. Na kila jirani aliyepita kibarazani aliambiwa na dada yake habari ile ile: "Huyu mdogo wangu damu yake safi, hata hospitali wanashangaa."

Kwa hiyo alipoulizwa mbele ya watu kama yeye ni mzima, angesema nini? Na tuseme kweli, hakuwa anaogopa watu tu. Mtu hufika mahali akauchoka ukweli, akatamani karatasi imkanushie. Alipima sukari akiwa na njaa, ikawa sawa. Alipima ile ya wastani wa miezi mitatu, ikawa sawa kwa unywele. Fomu ikauliza kama anatumia dawa yoyote. Akaandika hapana, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote. Mtu wa maabara akamtoa damu kwa sindano kama ya kushonea magunia, akamwambia pole, na kichupa kikaandikwa namba. Majina yalibaki kwenye daftari lililofungiwa kabatini kwa muuguzi mkuu, ili daktari apime bila kujua anampima nani. Bi Pamba akawa namba kumi na tisa, mwanamke mzima. Kwa siku mbili tatu alijisikia mzima kweli.

Miezi kumi na minne ikapita. Kisha Jumatano moja, saa nne asubuhi, daktari akaingia chumbani kwa Bi Pamba bila kubisha, karatasi mkononi, uso unang'aa.

"Mama, njoo uone."

Ilikuwa karatasi ya vitone. Vyeusi vilijazana upande mmoja, vyeupe upande wa pili. "Hawa weusi ni wagonjwa. Weupe ni wazima. Nimepanga watu kwa wale wadogo wako peke yao, sukari sijaiangalia kabisa, na ona walivyojitenga. Sasa tazama hapa."

Katikati kabisa ya vyeusi palikuwa na kitone kimoja cheupe.

"Namba kumi na tisa," daktari akasema. "Sukari yake sawa. Ya miezi mitatu sawa. Hatumii dawa. Lakini wadogo wake ni wa mgonjwa, tena si kwa mbali. Nimerudia kipimo mara tatu. Mama, huyu ndiye niliyekuwa namtafuta. Huyu yuko njiani na hajui. Ijumaa nina kikao na wafadhili na wakubwa wa hospitali, naanza na huyu. Na leo jioni muuguzi mkuu atanifungulia daftari, maana maadili yananitaka nimwite nimwonye."

"Leo jioni," Bi Pamba akasema.

"Saa kumi, akimaliza wodini. Mkono wako ndio umefanya hivi, mama. Vichupa vibovu visingeonyesha kitu."

Akaondoka na haraka yake. Bi Pamba akabaki na mpira wa kufungia mkononi, akiutazama kama amesahau unafungwa wapi.

Benchi halingoji mtu atulie. Aliyefuata alikuwa mzee mmoja mwenye kofia, mteja wa miaka mingi, mwongo maarufu. Alikaa, akanyoosha mkono, akaulizwa kama anameza dawa zake.

"Kila siku, mwanangu. Asubuhi na jioni."

"Babu, mwezi jana ulisema hivyo hivyo na damu ikakukana."

"Ile ilikuwa bahati mbaya."

"Damu haina bahati, babu. Unaweza kunidanganya mimi, ukamdanganya daktari, ukawadanganya na wanao. Yenyewe inaandika tu kila ulichofanya."

Yalikuwa maneno yake ya kila siku. Alikuwa ameyasema kwa watu mia, pengine elfu. Safari hii alipomaliza kuyasema akaishika sindano bila kuchoma, na mzee wa kofia akadhani amekasirikiwa kweli.

"Basi, mwanangu, nimeruka siku chache," akasema kwa unyonge. "Nilichoka tu. Vidonge vinachosha."

"Najua, babu."

"Unajua wapi, wewe mzima?"

Bi Pamba akamchoma. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, mgonjwa wake akasema aa.

Alifanya kazi hadi saa nane, benchi likaisha. Akaosha mikono, akaikausha, akaiosha tena. Njia ya mwongo ni fupi, naye alikuwa ameiona mwisho wake. Kilichobaki ni kama ataufikia kwa miguu yake au ataburutwa. Daktari angefungua daftari na kuona jina. Angekuja mbio kumwonya kwa upendo kwamba yuko njiani kuugua. Na yeye angeweza kushika shavu na kusema, jamani, kumbe! Hakuna ambaye angejua. Ijumaa daktari angesimama mbele ya watu na kitone chake cheupe, wakampigia makofi. Miaka ingepita, watu wangejenga juu ya kitone kile. Huko mbele wangeambiwa wengine wana dalili na hawana, au hawana na wanazo. Hilo ndilo lililomshinda kumeza. Aliwajua watu wa benchi lile mmoja mmoja kwa mishipa yao.

Akaenda.

Daktari alikuwa anakula karanga huku anaandika hotuba yake. "Karibu mama, nisikilizie mwanzo huu."

"Usinisomee," Bi Pamba akasema. "Kumi na tisa ni mimi."

Daktari akatabasamu, tabasamu likasimama nusu. "Wewe? Basi, mama, kaa chini. Hili tumelikuta mapema..."

"Halijakutwa mapema. Ninacho kisukari. Mwaka wa tatu huu. Nameza vidonge asubuhi na jioni. Siku ile ya fomu pia nilikuwa nimemeza."

Daktari akaiweka karatasi yake ya vitone chini, akailaza kifudifudi.

"Nilikuwa nisimame Ijumaa," akasema polepole, "niwaambie watu kwamba nimeona ugonjwa kabla ya ugonjwa."

"Ndiyo maana nimekuja leo."

"Mama, wewe. Katika watu wote. Wewe ambaye vichupa vyako havijamwagwa hata kimoja."

Bi Pamba aliona aibu, aibu nzito, na akaitikia kwa kichwa kama mtoto anayesomewa makosa.

"Hata kusema kwamba kipimo kimekugundua siwezi," daktari akaendelea, nusu akiongea na meza. "Labda ni ugonjwa umebadilisha wale wadogo. Labda ni vidonge. Vidonge navyo vinaweza kuwabadilisha. Siwezi kutenganisha. Namba kumi na tisa inatoka. Nitalazimika kuandika kwa nini."

"Andika. Jina kama linatakiwa, liandike."

"Jina halitakiwi." Daktari akasugua macho. Alikuwa na hasira, ilionekana, na hasira yenyewe ilikuwa imechoka. Akamtazama Bi Pamba kwa muda mrefu, na mtazamo ukaanza kubadilika, ukawa ule wa daktari na mgonjwa. "Macho umepima?"

"Bado."

"Figo?"

"Mara moja."

"Miguu yako nani anaiangalia?"

"Mimi ndiye ninayeangalia miguu ya watu."

"Sikuuliza hivyo, mama."

Bi Pamba akainama. Daktari akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akamsogezea. Ilikuwa kadi ya kliniki, ile ile anayoipokea kila asubuhi kutoka kwa watu wa benchi. "Kesho njoo bila kula. Ukae upande ule wa meza. Nitakutoa mwenyewe."

"Utaniumiza."

"Labda nitakuumiza," daktari akasema, wala hakucheka.

Siku ile hakushuka kituo kimoja kabla. Alifika nyumbani saa kumi na moja, akamkuta dada yake kibarazani kama kawaida, mkongojo umeegemezwa ukutani, chai tayari: kikombe cha dada kisicho na sukari, na cha kwake kando ya bakuli la sukari. Jioni zao zilikuwa na utaratibu. Kwanza chai, kisha Bi Pamba anakaa kwenye kigoda, anaupakata mguu wa dada yake na kuukagua unyayo kwa kioo kidogo ambacho marehemu shemeji alikuwa akinyolea ndevu.

Alikaa. Dada yake akasogeza bakuli.

"Leo sitii, dada."

"Imeingia sisimizi?"

"Haina sisimizi." Akapiga moyo konde. "Mimi pia ninacho. Kisukari. Mwaka wa tatu."

Dada yake hakuelewa mara moja. Alitabasamu kidogo, akingoja mwisho wa utani. Kisha akashusha kikombe chake.

"Mwaka wa tatu."

"Ndiyo."

"Na hiki kijiko cha kila siku?"

"Nilikuwa nakitia ili ukione. Ulisema mmoja wetu afaidi."

"Nilisema ufaidi," dada yake akasema. "Sikusema ufe."

Bi Pamba akafunika uso. Alilia, lakini si sana. Alikuwa amechoka hata kulia.

"Mimi nimekaa hapa miaka mitatu," dada yake akaendelea, sauti iko chini, "nikimshukuru Mungu kila jioni kwa kitu ambacho hakipo. Nikiinusa chai yako. Unajua nilikuwa nainusa? Nikasema sawa, mimi basi, yeye anakunywa." "Umeninyima hata kukuonea huruma."

"Nisamehe, dada."

Dada yake akachukua bakuli la sukari, akalipapasia kifuniko, akalifunika, akaliweka sakafuni nyuma ya kiti chake.

Bi Pamba akajifuta uso kwa kanga. Mazoea yakamsukuma kwenye kigoda, akanyoosha mikono kuupokea mguu. Dada yake akauvuta kando.

"Leo si mimi. Vua viatu."

"Dada, yangu naiangalia mwenyewe."

"Lini?"

Bi Pamba akavua viatu vya kazi na soksi zake. Dada yake akaupakata mguu wa kulia, akavaa miwani yake nene ya cherehani, akaunyanyua mpaka karibu na uso, kwani bila hivyo haoni, akaanza kupitisha kidole gumba polepole, kama anavyopapasa mshono kutafuta mahali uzi ulipolegea. Ule ulikuwa mzima. Akachukua wa kushoto. Kwenye kisigino kidole kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena.

"Hiki umekipata lini?"

"Kipi?"

Dada yake akampa kioo. Bi Pamba akakiinamisha, akaona kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi, kingo zake nyeupe, katikati chekundu na kina maji. Akachukua kiatu chake, akatia mkono ndani. Ncha ya msumari ilikuwa imetokeza kwenye soli. Alikuwa ameikanyaga siku zote hizo, vituo vyote vile alivyotembea kulipia kijiko cha sukari.

Dada yake akabonyeza pembeni ya kidonda. "Inauma?"

Bi Pamba akangoja maumivu. Hayakuja. Dada yake akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na wote wawili wakangoja.

"Hapana," Bi Pamba akasema.

Akataka kuinuka akalete beseni na maji ya chumvi, maana kazi hiyo ilikuwa yake.

"Kaa," dada yake akasema. Akaushika mkongojo, akajisukuma kutoka kitini mara ya kwanza, ikashindikana, mara ya pili akasimama, na kwa ule mguu wake wa vidole viwili akaenda ndani kuleta beseni.